Risasi za gereji: Kwa nini Marekani haiwezi kuhesabu risasi zake

Ukiingia dukani California kununua boksi la risasi 50 za bastola, unatoa kitambulisho. Muuzaji anaingiza jina lako kwenye mfumo wa jimbo, mnasubiri majibu, ndipo unalipa.

Jirani yako anaweza kujifungia gereji Jumamosi asubuhi, akavuta mkono wa mashine hadi mchana, akatoka na risasi 1,000 mpya kabisa. Hakuna aliyemkagua. Na kama ni mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha, na hizo risasi ni za kutumia mwenyewe, hajavunja sheria.

Wakati majaji na wanasiasa wa Marekani wakibishana kuhusu nani akaguliwe akinunua risasi, kuna mlango wa pili ambao uko wazi miaka yote.

Kwa ufupi

- Marekani, mtu binafsi anaruhusiwa kujaza upya risasi nyumbani kwa matumizi yake. Akianza kuziuza kama biashara, anahitaji leseni.
- California inakagua mnunuzi wa risasi iliyokamilika. Vipande vya kuitengenezea ni habari nyingine.
- Kati ya vipande vinne vya risasi, kimoja tu ndicho kigumu kweli kukipata nje ya kiwanda: fataki.
- Chapa tatu kubwa za fataki za Marekani leo ziko chini ya kampuni moja ya Ulaya.

Risasi ni vitu vinne

Tukisema "risasi" tunafikiria kitu kimoja. Kumbe ni vinne vilivyofungwa pamoja.

Kuna ganda, mara nyingi la shaba nyeupe. Kuna fataki, kile kiduara kidogo nyuma ya ganda ambacho kikigongwa na bastola kinatoa cheche. Kuna baruti ndani. Halafu kuna kichwa, ile sehemu inayoruka.

Ukifyatua, fataki inaisha, baruti inaungua na kichwa kinaenda zake. Ganda linabaki, linaanguka miguuni kwako. Na ganda ndilo kipande cha bei zaidi, na linatumika tena na tena.

Ndiyo maana kwenye viwanja vya shabaha Marekani utaona watu wazima wameinama wanaokota maganda kama watoto wanaookota maembe. Wanayapeleka nyumbani, wanayasafisha, wanayarudisha kwenye umbo lake na kuyajaza upya.

Zamani hii ilikuwa kazi ya subira, risasi moja moja. Siku hizi kuna mashine ambazo kila ukivuta mkono mara moja, risasi moja iliyokamilika inadondoka kwenye kisanduku. Kampuni ya Dillon ya Scottsdale, Arizona, imejijengea jina kwa mashine za aina hiyo. Kuna Hornady ya Nebraska, Lee ya Wisconsin, RCBS ya California. Mtu aliyezoea anatoa risasi mia kadhaa kwa saa moja.

Kwa hiyo tukisema "nyumbani", usipige picha ya babu na nyundo. Piga picha ya kakiwanda kadogo kanakokaa juu ya meza.

Kwa nini mtu ajisumbue?

Sababu ya kwanza ni hela. Mchezaji wa mashindano ya bastola anaweza kufyatua maelfu ya risasi kwa mwaka. Akiokoa hata senti chache kwa kila risasi, mwisho wa mwaka ni pesa ya maana.

Ila kuna ukweli ambao wapenzi wa mchezo huu wenyewe wanaujua: kwa risasi ya kawaida ya 9mm, nyakati za amani, nafuu sio kubwa sana. Viwanda vinazitengeneza nyingi na kuziuza bei ya chini. Nafuu inaonekana kwenye risasi kubwa au zisizo na soko pana, kama .45 au .44 Magnum.

Sababu ya pili ni uhaba, na hii ndiyo inayoleta watu wapya.

Mwaka 2020, mwaka wa korona na maandamano, FBI ilifanya ukaguzi wa silaha karibu milioni 39.7, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Bunduki mpya zinahitaji risasi mpya. Risasi ya 9mm iliyokuwa ikipatikana kwa kama senti 20 za dola ikapaa hadi senti 70 na zaidi mwanzoni mwa 2021. Rafu zikawa tupu.

Watu wakakimbilia mashine za kujazia. Na hapo ndipo wakagundua tatizo lao jingine, ambalo tutalifikia mbele.

Sababu ya tatu ni ladha tu. Kuna watu wanapenda kutengeneza mambo kwa mikono yao, kama fundi redio wa zamani. Wanapima, wanaandika kwenye daftari, wanalinganisha. Wengi wao hawana shida na mtu yeyote, na ukiandika kuhusu jambo hili bila kusema hivyo unakuwa hujawatendea haki.

Sheria ilipofungua mlango

Baada ya mauaji ya Martin Luther King Jr. na Robert Kennedy mwaka 1968, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha. Pamoja na mengine, iliwataka wauzaji wa risasi wawe na leseni na waweke kumbukumbu za wanaowauzia.

Haikudumu. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alisaini sheria ya kuwalinda wamiliki wa silaha, na sehemu kubwa ya masharti hayo ya risasi ikafutwa. Kumbukumbu za mauzo ya risasi za kawaida hazikuwa lazima tena. Kuagiza risasi kwa posta kukaruhusiwa.

Kuhusu kutengeneza, msimamo wa serikali kuu ni mwepesi kuuelewa. Ukitengeneza kwa biashara, unahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi. Ukitengeneza za kwako, huhitaji.

Na hiyo leseni unafikiri ni bei gani? Dola 30 kwa miaka mitatu.

Kwa maneno mengine, kinachomtenganisha mpenda mchezo na mtengenezaji wa biashara sio mashine wala wingi wa risasi. Ni kama anauza au hauzi. Na hilo huwezi kuliona kwa kutazama gereji yake.

California yajaribu kufunga

California ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 wapiga kura walipitisha Pendekezo namba 63, na kuanzia Julai 1, 2019 kila anayenunua risasi jimboni humo anatakiwa kukaguliwa. New York nayo ilianza ukaguzi wake Septemba 2023.

Hoja ya California sio ya kuokoteza. Watafiti waliopitia kumbukumbu za mauzo ya risasi Los Angeles kwa miezi miwili ya mwaka 2004 walikuta kwamba asilimia 2.6 ya wanunuzi walikuwa watu ambao sheria haiwaruhusu kumiliki risasi. Asilimia hiyo inaonekana ndogo. Lakini watu hao waliondoka na zaidi ya risasi 10,000.

Sasa tazama sheria ilivyoandikwa. Kwa upande wa ununuzi, risasi inayohusika ni ile iliyokamilika: ganda lenye fataki, lenye baruti, lenye kichwa. Ganda peke yake, au boksi la vichwa, havimo kwenye ukaguzi huo. Aliyezuiwa kumiliki risasi hana ruhusa ya kukaa na vipande hivyo pia, lakini kwenye kaunta hakuna mfumo wa kumnasa.

Na Julai 2024 California ikaongeza kodi ya asilimia 11 kwenye silaha na risasi. Nia ni kupata fedha za kuzuia vurugu. Lakini hesabu ya mtaani ni rahisi: risasi ya dukani ikipanda bei, mashine ya gereji inazidi kulipa.

Wakati huohuo sheria yenyewe imekuwa ikipigwa makombora mahakamani. Aliyeongoza walalamikaji ni Kim Rhode, mlenga shabaha aliyepata medali kwenye Olimpiki sita mfululizo, kuanzia Atlanta 1996 hadi Rio 2016. Jaji Roger Benitez wa San Diego aliitamka kuwa kinyume na Katiba Januari 2024. Mahakama ya rufaa ikaruhusu iendelee kutumika kwa muda. Julai 2025, jopo la majaji watatu wa mahakama hiyohiyo likakubaliana na Benitez, wawili dhidi ya mmoja.

Kipimo kinachotumika kimetoka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2022, kwenye kesi ya Bruen: sheria ya silaha lazima ilingane na desturi za kihistoria za nchi hiyo.

Na historia inasemaje kuhusu risasi? Inasema karne ya 18 watu walikuwa wakiyeyusha risasi za bunduki zao wenyewe, nyumbani, jikoni kwao. Kwa kipimo hicho, jamaa wa gereji ana historia upande wake kuliko hata duka.

Ndoto ya seneta

Wazo la kudhibiti risasi badala ya bunduki sio geni. Mtu anayekumbukwa nalo ni Daniel Patrick Moynihan, aliyekuwa seneta wa New York. Hoja yake ilikuwa hivi: bunduki ikitunzwa inadumu vizazi, na Marekani tayari inazo za kutosha karne mbili. Risasi zilizopo, alikadiria, zingeisha ndani ya miaka minne hivi. Basi bana risasi.

Mwaka 1993 alipendekeza kodi ya asilimia 10,000 kwa baadhi ya risasi hatari zaidi. Haikupita. Miaka michache baadaye mchekeshaji Chris Rock akaigeuza hoja kama hiyo kuwa kichekesho kwamba risasi ziuzwe dola 5,000 moja, na Wamarekani wakacheka kwa sababu ilikuwa na mantiki.

Ila hesabu ya Moynihan ilikuwa na tundu. Aliziona risasi kama unga: ukila, umeisha. Kumbe ni kama chupa za soda za zamani, zinarudi kujazwa. Kila ganda lililoko sakafuni kwenye uwanja wa shabaha ni risasi ya kesho inayosubiri mtu mwenye mashine.

Sasa, je, hilo lina madhara yoyote ya kweli? Au ni hofu ya makaratasi?

Kesi mbili za kufikirisha

Tuanze na Las Vegas. Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu mmoja alifyatua risasi kutoka dirisha la hoteli kwenye umati wa tamasha la muziki. Watu 58 waliuawa, na baadaye idadi ikafika 60. Ni shambulio baya kuliko yote ya aina hiyo katika historia ya karibuni ya Marekani.

Ndani ya chumba, wapelelezi walikuta risasi ambazo hazijafyatuliwa zenye alama za vidole za mtu mwingine kabisa. Alikuwa mhandisi wa masuala ya anga kutoka Mesa, Arizona, aliyekuwa akijaza risasi za bunduki kwenye karakana ya nyumbani na kuziuza. Alama za mashine kwenye risasi zililingana na vifaa vyake.

Hakushtakiwa kuhusika na shambulio. Kosa alilokiri mwaka 2019 ni kutengeneza risasi kwa biashara bila leseni. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 13. Leseni ambayo hakuwa nayo ni ileile ya dola 30.

Kesi ya pili iko Uingereza, na hii ndiyo inayogusa bastola moja kwa moja.

Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya mauaji ya shule ya Dunblane. Lakini sheria iliacha nafasi kwa silaha za kale, zile ambazo risasi zake hazitengenezwi tena viwandani. Mantiki ilikuwa kwamba bastola ya miaka 100 isiyo na risasi ni pambo la ukutani.

Mpaka akatokea mtu wa kuzitengeneza.

Mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, mkazi wa Gloucestershire, alikuwa akiingiza bastola za kale na kutengeneza risasi za kuziingia, nyumbani kwake. Kupitia mtu wa kati, zikawafikia magenge. Polisi walianza kuona risasi za ajabu, zisizofanana na za kiwanda chochote, kwenye tukio moja baada ya jingine. Hesabu ya mwisho ilizidi matukio 100, yakiwemo mauaji, na pia risasi zilizoelekezwa kwa helikopta ya polisi wakati wa ghasia za 2011 mjini Birmingham. Nyumbani kwake zilikutwa risasi takriban 100,000.

Desemba 2017 alihukumiwa miaka 30.

Alinaswaje? Vifaa vyake vilikuwa vinaacha mikwaruzo ileile midogo kwenye kila risasi, kama sahihi. Wataalamu waliifuata sahihi hiyo kwa miaka hadi ikawafikisha mlangoni kwake.

Uingereza haikuishia kumfunga. Mwaka 2021 ilibana orodha ya silaha zinazoitwa za kale. Mwaka 2023 ikapitisha sheria inayofanya kuwa kosa kumiliki vipande vya risasi kwa nia ya kutengeneza risasi ambazo huna kibali nazo. Tofauti na California, wao wameenda kwenye vipande.

Tuwe wakweli hapa. Kesi mbili sio wimbi. Mhalifu wa kawaida wa Chicago au Memphis hana haja ya kununua mashine, kupima baruti na kuokota maganda wakati boksi la kiwandani linapatikana kirahisi. Kujaza risasi ni kazi ya watu wenye subira, na uhalifu wa mtaani hauna subira.

Lakini kesi hizi mbili zinaonyesha kitu ambacho takwimu haziwezi kuonyesha. Haihitajiki gereji elfu moja kuharibu mambo. Inatosha gereji moja yenye mteja mbaya, kwa sababu mashine inayotoa risasi za mazoezi ya mtu mmoja inaweza kulisha magenge ya mji mzima.

Hatari ya kwanza iko kwa mwenye nyumba

Kabla ya jirani kuumia, anayekaa karibu zaidi na hatari ni mtengenezaji mwenyewe.

Baruti ya bastola hujaza sehemu ndogo tu ya ganda. Maana yake mtu akipitiwa anaweza kuweka kipimo mara mbili na isionekane kwa nje. Risasi hiyo ikifyatuliwa, bastola inaweza kupasuka mkononi. Kosa la kinyume chake, ganda kukosa baruti, linaacha kichwa kimekwama kwenye mtutu. Asiyegundua akafyatua tena, matokeo ni yaleyale.

Na hapa ndipo wingi unapobadilisha mambo. Ukitengeneza risasi 20, ukigundua kosa unazitupa zote. Ukitengeneza 2,000, yenye kosa unaitafutia wapi? Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa bastola wanaandika wazi kwamba dhamana inafutika ukitumia risasi zilizojazwa upya.

Kuna suala la moto pia. Shirika la Marekani la kinga ya moto, NFPA, linashauri nyumba isiwe na zaidi ya paundi 20 za baruti hiyo kwenye makopo yake ya asili, sawa na kilo tisa hivi, na fataki zisizidi 10,000. Ukizidisha baruti unatakiwa kuiweka kwenye sanduku maalumu la mbao nene. Nani anapita kuhesabu? Kwa nyumba nyingi, hakuna.

Na kuna madini ya risasi, yale ya kwenye vichwa na kwenye vumbi la fataki zilizotumika. Yanaingia mwilini kwa mikono isiyonawiwa na kwa hewa. Kwenye nyumba yenye watoto, hiyo sio hatari ya kupuuza.

Kipande kidogo chenye nguvu

Turudi kwenye lile tatizo la 2020.

Watu walinunua mashine. Maganda walikuwa nayo. Vichwa unaweza kuvinunua, na wengine wanayeyusha wenyewe. Baruti ilipatikana kwa shida lakini ilipatikana. Kilichogoma ni fataki.

Boksi la fataki 1,000 lililokuwa likiuzwa kwa kama dola 30 kabla ya korona, kufikia 2021 lilikuwa likilanguliwa kwa dola 100 na kupanda. Mashine nzuri za mamia ya dola zikakaa zinakula vumbi.

Sababu ni kwamba fataki haitengenezwi mezani. Ndani yake kuna kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu. Viwandani inashughulikiwa kwa tahadhari kubwa, na ajali zimewahi kuua wafanyakazi. Marekani wenye uwezo wa kuitengeneza kwa wingi wanahesabika: CCI ya Lewiston, Idaho, Federal ya Anoka, Minnesota, Remington ya Lonoke, Arkansas, na Winchester.

Viwanda hivyo vikizidiwa, vinaanza na risasi zao zilizokamilika na wateja wa serikali. Wa gereji anasubiri.

Halafu ikaja biashara ambayo nje ya ulimwengu wa silaha wengi hawakuiona. Remington ilifilisika mwaka 2020, na kiwanda chake cha risasi kikanunuliwa na Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa na CCI na Federal. Novemba 2024 Vista ikaiuza idara yake yote ya risasi kwa Czechoslovak Group, kampuni ya Prague, Jamhuri ya Czech, kwa dola bilioni 2.2 hivi.

J.D. Vance, wakati huo akiwa seneta wa Ohio, alikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa hoja ya usalama wa taifa. Serikali ikapitisha.

Kwa hiyo mlango ambao Moynihan aliutafuta upo. Ni mdogo, unaenea kwenye ncha ya kidole, na funguo zake nyingi ziko Prague. Ulipofungwa kwa muda mwaka 2020 na 2021, haukufungwa na Bunge wala mahakama. Ulifungwa na soko. Na waliobaki nje hawakuwa wahalifu, walikuwa wacheza shabaha wa wikiendi.

Hilo ndilo somo gumu kwa anayetaka kudhibiti. Fataki inaweza kubana risasi za nyumbani, lakini ikibanwa kijumla bila kujali nani mnunuzi, wanaoumia kwanza ni wale wasio na tatizo.

Huku kwetu kunahusu nini?

Afrika Mashariki risasi ni suala la viwanda vya serikali. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro. Kenya ina kiwanda chake Eldoret. Raia mwenye kibali anapata risasi kwa idadi inayodhibitiwa, na nchi zetu zilisaini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo. Kununua mashine ya kujazia na kukaa nayo gereji kama Arizona sio maisha ya huku.

Lakini kuna jambo moja linalotuunganisha na habari hii. Ni ule mhuri nyuma ya ganda.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini, Kenya. Watafiti walilinganisha mihuri ya risasi za wafugaji na za polisi. Walichokuta ni kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume na sheria huko zilitoka kwa polisi wenyewe, nyingi zikiwa na mhuri wa kiwanda cha Eldoret. Hakuna aliyehitaji kukiri. Ganda lilizungumza.

Ushahidi huo una nguvu kwa sababu moja: ganda limejazwa mara moja tu, kiwandani. Likijazwa upya na mtu mwingine, mhuri unabaki wa Eldoret au wa Morogoro wakati risasi ni ya mtu mwingine kabisa. Ganda linageuka shahidi wa uongo. Kinachobaki ni ile mikwaruzo midogo iliyomfikisha jamaa wa Gloucestershire jela, na kuisoma kunahitaji maabara, wataalamu na miaka ya kukusanya kumbukumbu.

Kwa hiyo ukisikia mjadala wa silaha ndogo kwenye ukanda wetu, usiulize tu bunduki zinapita mpaka gani. Uliza pia maganda yaliyotumika yanaishia wapi.

Cha kuangalia

Macho ya Wamarekani yako kwenye mvutano wa California, na ni sawa, kwa sababu utaamua kama majimbo mengine yanaweza kuiga. Lakini hata California ikishinda kila rufaa, itakuwa imeshinda haki ya kumkagua anayenunua risasi iliyokamilika.

Swali la vipande litabaki palepale. Kuna njia tatu mezani: kukagua mnunuzi wa fataki kama anavyokaguliwa wa risasi, kuiga Uingereza na kulenga nia ya mwenye vipande, au kuacha kama ilivyo na kuwategemea wapelelezi baada ya tukio.

Mpaka leo Marekani, kwa sehemu kubwa, imechagua ya tatu. Kwa maelfu ya watu wanaojaza risasi zao kwa amani, ni uamuzi mzuri. Kwa yule mmoja mwenye mteja mbaya, ni uamuzi mzuri zaidi.